Vidonge Viwili Viwili

Saa moja ya asubuhi mzee alikuwa bado hajatoka chumbani, na mke wa mwanawe alikuwa amesimama mlangoni, koti lake jeupe la kazini mkononi, hajui afanye nini. Alikuwa amebisha mara tatu. Alikuwa ameita, "Baba," kisha, "Baba, kumekucha," kisha, "Baba," tena, safari hii kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe. Ndani alisikia kitanda kikilia na pumzi za haraka haraka. Mlango haukuwa na komeo. Angeusukuma kwa kidole ungefunguka. Lakini miaka minne waliyokaa nyumba moja, hakuwahi hata mara moja kuingia chumba cha baba mkwe wake, na mkono ulikataa kumtii.

Akatoka mbio kumwita fundi friji, jirani yao wa ukuta kwa ukuta.

Fundi aliingia akiwa bado na mswaki mdomoni. Hakukaa ndani dakika moja. Alipotoka alikuwa ameushika mswaki mkononi na hajui auweke wapi.

"Anawaka kama pasi," alisema. "Anatetemeka mpaka meno yanagongana. Na godoro... godoro limelowa, dada. Tutafute gari."

"Nipishe nimwone."

Fundi hakusogea. Alikuwa anaangalia sakafu. "Amesema usiingie. Amenikamata shati kabisa. Amesema, 'Mtu yeyote, ila si yeye.'"

Yeye huyo alikuwa mfamasia. Mtaani walimwita Mama Cheti, kwa sababu kila aliyefika dirishani kwake kutaka antibiotiki alikutana na swali moja: cheti cha daktari kiko wapi? Watu walimtania kwamba hata ukienda kununua peremende ya kikohozi atakudai cheti. Wengine walinuna, wakavuka barabara na kwenda kununua kwingine. Mwenye duka alikuwa amemwambia mara mbili kwamba kwa mwendo huo watafunga virago wote wawili. Hakubadilika. Alikuwa akieleza kila siku, kwa maneno yale yale, kwamba dawa hizi zikimezwa ovyo, nusu dozi leo na robo dozi kesho, vidudu dhaifu hufa na vile vikorofi hubaki, vikazaana, vikaizoea dawa. Siku utakayoihitaji kwelikweli itakuwa sawa na kunywa maji. Na watu hao hao, hata waliomnunia, walimwinamia dirishani wakamnong'oneza mambo ambayo hawakuwaambia wake zao. Hakuna siri ya mwili ambayo hakuwahi kuisikia.

Na sasa alikaa kiti cha mbele cha gari la kukodi, akimsikiliza baba mkwe wake akiguna nyuma, mikononi mwa fundi friji, bila ya kuthubutu kugeuka.

*

Daktari alisema njia ya mkojo ilikuwa imebana kwa sababu ya tezi dume, mkojo ukatuama, maambukizi yakaingia mpaka kwenye damu. Walimwekea mpira wa kutolea mkojo, wakamtundikia dripu ya dawa. Siku ilipita, homa haikushuka. Ya pili ikapita. Mzee alianza kuweweseka. Aliita majina ya vituo vya reli ambako alifanya kazi ujanani.

Mchana wa siku ile ya pili alikuja mfamasia wa wodi, mwanamume mwenye mvi, miwani yake imefungwa kwa uzi mkono mmoja. Alimwita pembeni, karibu na sinki.

"Wewe ndiye wa nyumbani?"

"Mimi ni mke wa mwanawe. Mume wangu yuko nje ya nchi, ana mkataba wa kazi wa miaka miwili."

"Nyumbani mnakaa wangapi?"

"Wawili. Mimi na yeye."

"Mzee anatumia dawa gani?"

"Ya presha, kimoja asubuhi. Namletea mimi mwenyewe."

"Na antibiotiki? Mwaka huu, hebu fikiri vizuri."

"Hajatumia hata moja."

"Una uhakika?"

"Mimi ni mfamasia," alisema, na alisikia mwenyewe jinsi shingo ilivyonyooka.

Mwenzake akamtazama kwa upole, upole uliomuudhi kuliko kama angebisha. "Mkojo wake tumeuotesha maabara, majibu yatatoka kesho au kesho kutwa. Lakini hii dawa tuliyoanza nayo ina nguvu, dada yangu, na vidudu vyake vinaichezea. Mtu ambaye hajagusa dawa hizi hawi hivyo. Nenda kaangalie chumbani kwake. Nikijua alichomeza nitajua dawa zipi nisiguse."

Hivyo ndivyo alivyoingia chumba kile kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kidogo kuliko alivyokifikiria. Kamba ilikuwa imefungwa kutoka msumari wa dirisha hadi mguu wa kabati, na juu yake shuka mbili zimeanikwa, zimefuliwa kwa mikono isiyojua kufua. Chini ya kitanda palikuwa na ndoo, sabuni ya kipande, na nguo za ndani zimelowekwa. Akaelewa kwa nini shuka za mzee zilikuwa haziletwi tena kwenye kapu la nguo chafu. Yeye alikuwa amedhani mzee ameamua kumhurumia. Katika mfuko wa koti alikuta vipande vya karatasi za vidonge, vimekatwa kwa mkasi. Viwili viwili. Vyote vitupu. Alivimwaga kitandani akaanza kuvihesabu, akaacha.

*

Duka la dawa lililojulikana kwa kukata vidonge hivyo lilikuwa mtaa wa pili, dogo, limebanwa kati ya kinyozi na muuza rangi. Aliyeuza humo watu walimwita Dokta, ingawa hakuwa daktari wala mfamasia. Alikuwa mwanamume mnene, mchangamfu, aliyewahi kuuza viatu.

"Heh! Mama Cheti mwenyewe!" alisema. "Leo jua limechomoza wapi? Au umekosa wateja umekuja kuwatafuta kwangu?"

Alimwaga vile vipande juu ya kaunta. Dokta akavitazama. Kicheko kilimtoka usoni taratibu.

"Mzee wetu," alisema. "Siku tatu sijamwona. Nikasema labda kasafiri."

"Yuko hospitali. Vidudu vimeingia kwenye damu, na dawa hazishiki. Niambie ulimuuzia nini."

"Utanishitaki?"

"Sijaja kwa hilo. Niandikie orodha."

Dokta hakuandika. Alipanda kigoda, akateremsha boksi moja moja na kuyapanga mbele yake: zile za rangi mbili, zile nyeupe ndefu, zile za manjano zenye harufu kali, kisha zile ndogo za bei. Aina nne. Mfamasia mwenyewe ndiye aliyeandika.

"Tangu lini?"

"Miezi saba. Minane."

"Kwa nini viwili viwili? Wewe huoni karatasi ya maelezo humo ndani?"

"Mwenyewe ndiye aliyetaka!" Dokta aliinua mikono. "Nilimwambia, mzee, chukua dozi nzima, nakupunguzia. Akasema hapana, viwili vinatosha, kesho nitapita tena. Hizi zisipomsaidia, tunajaribu zile." Akapangusa kaunta iliyokuwa safi. "Nikwambie ukweli, mama? Wiki ya tatu nilishajua hazimfikishi popote. Lakini alikuwa anakuja saa nane, anakaa hapo kwenye benchi, tunapiga soga mpaka saa kumi. Habari za reli, habari za marehemu mkewe. Mzee ana vichekesho yule! Sasa ningemwambia sikuuzii, angekaa hapa kwa sababu gani?"

"Angekaa tu."

"Mzee yule? Akae bure kwenye duka la mtu?" Dokta akatikisa kichwa. "Humjui."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana neno lilimwingia mpaka kwenye mfupa. Alikuwa amekuja na maneno makali, ameyapanga njiani yote, na sasa hakuona pa kuyaweka. Alijikuta anauliza swali ambalo hakulipanga.

"Alikuwa anasema nini juu yangu?"

"Alisema una moyo mzuri," Dokta akajibu. "Alisema nyumba yako ni kimya sana."

*

Majibu ya maabara yalitoka kesho yake. Mfamasia wa wodi aliyaweka juu ya meza ya chuma, akayafuata kwa kalamu kutoka juu kwenda chini. Dawa kumi na mbili zilikuwa zimejaribiwa. Mbele ya kumi na moja paliandikwa neno lile lile: sugu.

"Hii hapa ya mwisho," alisema. "Ya sindano. Tunaifungia kabatini, na haitoki bila saini tatu. Kila baada ya saa nane, siku kumi, hairukwi hata mara moja."

"Na isiposhika?"

"Isiposhika," mwenzake alivua miwani akaifuta kwa pindo la koti, "mimi na wewe tutavua makoti haya, tutakaa kwenye benchi kama watu wengine."

Hospitali ilikuwa na dawa ya siku tatu tu. Ya siku saba zilizobaki aliitafuta yeye, akapiga simu kwa kila mwenzake aliyesoma naye, akainunua kwa pesa alizokuwa ameziweka za kuezeka jiko. Hakumwambia mume wake. Mume wake alipopiga simu aliuliza homa ni ngapi, akasema laini ni mbaya, akakata.

Siku ya nne ya sindano homa ilishuka. Mzee alifungua macho, akaomba chai, na mara tu alipoimaliza akaomba nguo zake.

Muuguzi ndiye aliyempigia simu. "Njoo umshike mzee wako. Anasema amepona, anataka kujichomoa mpira. Amemwambia mwenzangu hospitali hii inamfuga kama kuku wa mayai."

Alimkuta amekaa kitandani, amevaa kofia yake, tayari kuondoka na gauni la hospitali. Alipomwona mke wa mwanawe aligeukia ukutani, akavuta shuka mpaka kidevuni. Mfuko wa mkojo ulikuwa unaning'inia pembeni ya kitanda, mahali ambapo asingeweza kuuficha, na mzee alijua hivyo. Alitamani ukuta ummeze.

Mkwewe akavuta pazia kuzunguka kitanda. Akavuta kiti. Akakaa.

"Baba, nina maswali."

"Muulize daktari."

"Daktari hajui. Unajua wewe."

"Mwanangu, niache."

"Kila siku watu wa umri wako wananieleza dirishani. Mmoja jana alinieleza huku mkewe yuko nyuma yake."

"Hao si baba wa mume wako."

Akatoa kalamu na daftari lake dogo la kazini, akaliweka magotini, akaangalia daftari badala ya kumwangalia yeye. "Kabla ya kuugua, usiku ulikuwa unaamka mara ngapi?"

Nje ya pazia mgonjwa mwingine alikohoa.

"Mara sita," ukuta ulijibu. "Nyingine nilikuwa siwahi."

"Ulikuwa unachoma?"

"Kama pilipili."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipopata ile likizo yako fupi. Nilitaka kukwambia siku ile. Ukasafisha nyumba siku tatu, likizo ikaisha."

Aliandika. Hakuwa anaona alichoandika.

"Kwa nini hukuniambia baadaye?"

"Ningekwambia saa ngapi? Unarudi miguu imevimba, unapika, unafunika changu, unaniambia 'Karibu chakula, baba,' mimi nasema 'Ahsante,' basi. Siku imekwisha. Na ningesema kwa maneno gani? Maneno hayo ya kumwambia mke wa mwanangu sijafundishwa na mtu."

"Dokta ulimwambia kwa maneno gani?"

"Dokta sikumwambia kitu. Nilimwonyesha kwa kidole."

Kilimtoka kicheko kabla hajakizuia. Mzee naye mabega yakaanza kutikisika chini ya shuka, akacheka mpaka mpira ukamuuma, akasema, "Aa, usinichekeshe, unaniua," na hatimaye akageuka.

"Nimepona lakini," alisema. "Kweli kabisa. Nasikia njaa."

"Dawa imeanza kushika, baba. Vidudu vilivyokufa ni vile vyepesi. Ukitoka leo, vitakavyobaki ni vile ambavyo hata hii havitaisikia, na baada ya hii hakuna nyingine. Siyo kwamba ni ghali. Haipo. Zimebaki siku sita."

"Sita?"

"Kamili. Si mbili mbili."

Mzee alilipokea hilo, akaitazama dari. "Kumbe vidudu vyangu vina kichwa kigumu."

"Vimefanana na mwenyewe."

Neno lilikuwa limeshatoka. Aliganda, mtu hamwambii baba mkwe hivyo. Lakini mzee alikuwa ameshavua kofia, anaiweka juu ya kabati, na anatabasamu.

Siku sita zile aliomba ruhusa ya mchana kazini, akawa anafika saa nane na kuondoka saa kumi. Alisikia habari za reli. Alisikia jinsi treni ya mizigo ilivyowahi kusimama nusu siku kwa sababu dereva alishuka kumbembeleza mkewe kwenye simu ya kituo. Alisikia jinsi mama mkwe wake, ambaye hakuwahi kukutana naye, alivyokuwa akilala na miwani. Naye alisimulia ya dirishani, bila ya kutaja watu, na mzee alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Akirudi nyumbani alipika kidogo, akala akiwa amesimama, akakuta anapanga cha kumsimulia kesho.

*

Siku ya kutoka, wifi yake alifika kwa basi la asubuhi. Daktari aliwaeleza kwamba mzee amepona ila figo moja imeumia, na kwamba kuanzia sasa asimeze dawa yoyote bila kuulizia. Wifi alisikiliza ameikunja mikono. Walipotoka ukumbini, mbele ya wauguzi, fundi friji na watu waliokuwa kwenye foleni ya kadi, aliongea.

"Mfamasia ndani ya nyumba! Na baba yetu ananunua vidonge mitaani kama karanga. Miezi minane, wifi, shuka anafua mwenyewe, na wewe huoni? Wewe macho yako yalikuwa wapi?"

Angeweza kujibu. Angeweza kusema kwamba miezi minane hiyo wifi alipiga simu mara mbili.

Mume wake aliwekwa kwenye spika. Sauti yake ilikuja na mwangwi. "Basi baba akakae kwa dada kwa muda. Ni salama zaidi. Huko kuna watu." Kisha, kana kwamba amekumbuka: "Mke wangu, usichukulie vibaya. Unachoka na kazi, tunajua."

Hakuna aliyemuuliza mzee. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu, kofia kichwani, anawasikiliza wakimpanga. Alitaka kusema kwamba chumba chake kinamtosha, kwamba sasa hivi ndiyo alikuwa amepata mtu wa kuongea naye. Aliyatafuta maneno ya kumweleza binti yake kwamba anataka kubaki na mke wa mwanawe, wawili peke yao katika nyumba ile, bila ya yeyote kulisikia vibaya. Hakuyapata. "Haya," alisema. "Kama mmeona hivyo."

Waliondoka Jumamosi. Mfamasia alimfungia mzigo, akamwandikia karatasi yenye majina ya dawa kumi na moja zisizomfaa tena, kwa herufi kubwa, akaikunja na kuitia mfuko wa ndani wa koti. Mzee alimpa mkono dirishani mwa basi. Wote wawili walikuwa na mengi ya kusema, na wifi alikuwa amekaa katikati.

*

Kazini hakuacha kudai cheti. Ila hilo lilikuwa limekuwa swali lake la tatu au la nne. La kwanza sasa lilikuwa, "Unasikiaje?" na la pili, "Tangu lini?" na mara nyingine alitoka nyuma ya dirisha akasimama na mtu pembeni, mpaka mtu akasema. Wengine aliwatuma maabara. Wengine aliwarudisha nyumbani bila ya kitu. Mwenye duka alilalamika kwamba foleni haitembei. Siku moja Dokta alimletea mwanamke mwenye kifua, amemshika mkono kama mtoto. "Huyu kataka vidonge vitatu," alisema. "Nimemkatalia. Sasa sijui nimwambie nini zaidi, mwambie wewe."

Mwezi wa pili tangu mzee aondoke, mchana, watu watano wako dirishani, simu yake ililia. Ilikuwa namba ya wifi, lakini sauti ilikuwa ya mzee, kubwa, ya mtu asiyeiamini simu.

"Nina kikohozi!" alisema. "Jirani wa hapa ameniletea vidonge, vyekundu na vyeusi. Nimemwambia subiri kwanza, nimuulize mfamasia wangu."

Aliushikilia ukingo wa kaunta. "Umefanya vizuri, baba. Kimeanza lini?"

"Juzi."

"Homa?"

"Sina."

"Makohozi yana rangi gani?"

"Meupe."

"Pumzi inabana? Kifua kinauma ukivuta hewa?"

"Hapana. Pua tu inanitiririka kama bomba bovu."

"Ni mafua, baba. Yanakwisha yenyewe. Kunywa vya moto, upumzike, na homa ikipanda unipigie saa hiyo hiyo. Vidonge mrudishie mwenyewe, umwambie ahsante."

"Haya. Nimekusikia."

Hapo ndipo angekata simu. Mteja wa mbele alikuwa ameshaweka karatasi yake juu ya kaunta na anagonga gonga kwa ukucha.

"Na mkojo?" aliuliza.

"Unatoka vizuri kabisa!" mzee alipaza sauti, bila ya haya hata chembe, na dirishani watu wawili wakatazamana. "Mweupe kama maji ya mvua!"

"Usiku unaamka mara ngapi?"

"Mara mbili tu."

"Unakula?"

"Nakula."

"Mchana unakaa na nani?"

Simuni ilisikika nyumba ya wifi, ambayo haikuwa na sauti yoyote.

"Wanakwenda kazini wote," alisema hatimaye, sasa kwa sauti ya kawaida. "Wanarudi magharibi. Nina redio." Kisha akauliza, kama mgonjwa anayeogopa kwamba daktari anafunga daftari: "Kuna swali lingine?"

Maswali yote aliyofundishwa alikuwa ameyamaliza. Aliitazama foleni, ilikuwa imefika watu saba.

"Liko, baba," alisema. "Usikate." Akamwashiria mteja wa mbele kwa mkono amsubiri kidogo, na akageukia ukutani, akifikiria swali gani liwe.